Ahmad ibn Majid

Ahmad ibn Majid (kwa Kiarabu jina lake refu ni Shihab ad-Din Ahmad ibn Majid an-Najdi; alizaliwa Julfar katika karne ya 15, akafariki baada ya mwaka 1500) alikuwa baharia, mshairi na mtaalamu wa nyota kutoka pwani ya Ghuba. Anahesabiwa kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote juu ya elimu ya usafiri wa Bahari Hindi kabla ya kufika kwa Wareno. Maandiko yake yanaeleza jinsi mabaharia walivyotumia nyota kujua mahali walipo, pamoja na njia za bahari hadi Kilwa na Sofala.

Jina lake linajulikana pia kwa sababu ya tuhuma kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Uhindi mwaka 1498. Wataalamu wengi wa siku hizi hawaikubali tena habari hiyo.

Asili na familia

Ibn Majid alizaliwa Julfar, bandari ya kale iliyokuwa karibu na mji wa leo wa Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa. Kutokana na umri anaoutaja katika mashairi yake, wataalamu hukadiria miaka ya 1420 au 1430.

Baba yake na babu yake walikuwa mabaharia vilevile. Babu alisifika kwa ujuzi wa Bahari ya Shamu, ambayo ni hatari kwa sababu ya miamba mingi. Baba aliendeleza ujuzi huo na kutunga shairi refu juu yake. Mtoto alijifunza kazi chomboni, akayasoma maandiko ya wazee wake, kisha akayasahihisha pale alipoona kwa macho yake kwamba mambo yalikuwa tofauti. Tabia hiyo ya kupima maneno ya waliotangulia aliishika maisha yake yote.

Mwalimu wa chombo

Katika vyombo vya Bahari Hindi mtu aliyeongoza njia aliitwa kwa Kiarabu mu'allim. Neno hilohilo limeingia katika Kiswahili kama mwalimu na maalimu. Nahodha alishughulika na mali, abiria na biashara. Mu'allim alishika elimu ya njia. Alipaswa kujua nyota, pepo, mikondo, kina cha maji, rangi ya bahari, ndege na samaki wanaoonekana karibu na nchi kavu, na sura ya kila mlima unaoonekana kutoka baharini.

Ibn Majid alieleza wajibu wa mtu huyo kwa kirefu. Kwa mujibu wa mafundisho yake, mwalimu wa chombo anatakiwa kukikagua chombo kikiwa bado bandarini, kuwa mvumilivu, kulala kidogo, kuwatendea haki abiria na kutoahidi jambo asilolijua. Kosa la mwanazuoni wa nchi kavu linaweza kusahihishwa kesho yake, lakini kosa la mwalimu wa bahari huwaua watu wote waliomo chomboni.

Kabla yake walikuwapo waandishi watatu mashuhuri wa elimu ya bahari: Muhammad ibn Shadhan, Sahl ibn Aban na Laith ibn Kahlan. Aliwaheshimu na kuwaita simba wa bahari, naye akajiita wa nne. Hata hivyo aliwakosoa kwa kuwa walikusanya habari za wengine kuliko kusafiri na kujaribu wenyewe.

Kupima latitudo kwa nyota

Msingi wa elimu yake ulikuwa jambo rahisi. Dunia ni tufe, kwa hiyo mtu akisafiri kuelekea kaskazini au kusini, nyota za upande mmoja hupanda juu zaidi angani na za upande mwingine hushuka. Mtu aliyeko Ncha ya Kaskazini huiona ncha ya anga ya kaskazini juu ya kichwa chake. Aliyeko ikweta huiona kwenye upeo wa macho. Aliyeko kusini kwa ikweta haioni kabisa. Anayepima kimo cha nyota maalumu juu ya upeo wa macho anaweza kujua latitudo ya mahali alipo.

Kifaa kilichotumika kiliitwa kamali. Kilikuwa kibao kidogo cha mstatili chenye uzi uliopita katikati, na uzi huo ulifungwa mafundo. Baharia alishika fundo kwa meno, akaunyoosha uzi mbele yake, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye mstari wa bahari na kutazama kama nyota inagusa ukingo wa juu. Fundo lililotumika lilionyesha kimo cha nyota.

Kipimo chenyewe kiliitwa isbaa, yaani kidole, kwa sababu asili yake ni upana wa kidole cha mkono ulionyoshwa. Duara zima la anga lilihesabiwa kuwa vidole 224, hivyo kidole kimoja ni sawa na nyuzi 1.6 hivi. Umbali ulipimwa kwa zamu, na zamu moja ilikuwa safari ya saa tatu. Chombo kilichokwenda moja kwa moja kaskazini au kusini kwa zamu 8, yaani mchana na usiku mmoja, kilihesabiwa kuwa kimebadilisha kimo cha nyota kwa kidole kimoja.

Nyota ya kwanza katika upimaji huo ilikuwa Nyota ya Kaskazini, ambayo mabaharia Waarabu waliiita Jahi. Wakati wa Ibn Majid nyota hiyo haikuwa karibu sana na ncha ya anga kama ilivyo leo. Ilikuwa umbali wa karibu nyuzi tatu na nusu. Ilizunguka ncha kwa duara dogo, na mtu aliyesahau jambo hilo aliweza kukosea latitudo kwa zaidi ya vidole viwili. Kwa hiyo Ibn Majid alifundisha kiasi cha kuongeza au kupunguza kulingana na saa ya usiku, ambayo ilitambuliwa kwa kutazama nyota nyingine zilizo juu wakati huo.

Dira ya nyota

Mabaharia hao walikuwa na dira yenye sindano ya sumaku, lakini mielekeo yake haikupewa namba. Duara liligawanywa katika sehemu 32 na kila sehemu iliitwa kwa jina la nyota. Kaskazini ni Jahi na kusini ni Kutubu, yaani ncha ya anga. Katikati yake zilipangwa nyota au makundi 15. Kila moja lilitoa mielekeo miwili, mmoja pale linapochomoza mashariki na mwingine pale linapotua magharibi.

Kutoka kaskazini kwenda kusini orodha inaanza na Farkadi za Dubu Mdogo, kisha Naashi ambazo ni nyota kuu za Dubu Mkubwa, halafu Kasiopeia, Ayuki, Vega, Simaki na Thurea ambayo Waswahili huiita Kilimia. Nyota ya Tairi ilishika mashariki na magharibi kamili. Baada yake zilifuata nyota za Jabari, Shira, nyota mbili za Nge, nyota mbili angavu za Kantarusi, Suheli, na mwisho nyota ya Ahirinahari.

Dira hiyo imeacha alama katika Kiswahili. Neno matlai, linalotumika kwa upepo wa asubuhi na upande wa mashariki, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mahali nyota inapochomoza. Suheli limetumika pwani kwa maana ya nyota hiyo na pia kwa maana ya upande wa kusini.

Maandiko

Takriban maandiko 40 ya Ibn Majid yanajulikana. Mengi ni mashairi, kwa sababu baharia alihitaji kukariri. Kama ilivyo kwa tenzi za Kiswahili, vina na mizani vilisaidia kukumbuka orodha ndefu za bandari, nyota na vipimo bila kufungua kitabu usiku wa giza.

Kazi kubwa ya kwanza ni Hawiyat al-Ikhtisar, shairi lenye beti zaidi ya 1,000 lililokamilika mwaka 1462. Linaeleza misingi ya elimu ya bahari, nyota, majira na njia kuu.

Kazi yake mashuhuri ni Kitab al-Fawa'id, iliyokamilika mwaka 1490. Hii ni ya nathari na ina sura 12. Inaanza na historia ya usafiri wa baharini na sindano ya sumaku, kisha vituo 28 vya Mwezi, nyota za dira, njia za bahari, vipimo vya latitudo, dalili za kukaribia nchi, visiwa vikubwa, pepo za majira, na mwisho Bahari ya Shamu. Miongoni mwa visiwa vikubwa 10 anavyovieleza imo Zanzibar.

Vituo vya Mwezi ni makundi ya nyota ambayo Mwezi huyapitia katika mzunguko wake wa siku 27 na theluthi moja hivi. Kila usiku Mwezi hulala katika kituo kingine. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata Mwezi na haishikamani na majira ya pepo, mabaharia walihesabu siku za safari kwa mwaka wa Jua unaoanza na Nairuzi. Hesabu ya namna hiyo ilijulikana pia katika pwani ya Waswahili, na sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ina asili katika Nairuzi.

Pwani ya Waswahili katika maandiko yake

Shairi linaloitwa as-Sufaliyya linahusu njia ya kwenda Sofala, bandari ya dhahabu iliyoko Msumbiji ya leo. Linafuata pwani ya Afrika ya Mashariki na kutaja bandari, visiwa, mafungu ya mchanga na vimo vya nyota. Kilwa ina nafasi kubwa kwa sababu biashara ya Sofala ilikuwa imesimamiwa na masultani wake.

Safari za pwani hiyo zilitegemea pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Uhindi kuanzia Novemba au Desemba, na kusi iliwarudisha kuanzia Aprili. Lakini kaskazi hupungua nguvu kadiri mtu anavyokwenda kusini. Chombo kilichochelewa kiliweza kukosa upepo wa kurudi na kulazimika kungoja hadi msimu mwingine. Ndiyo maana tarehe za kuondoka zilikuwa na uzito sawa na vimo vya nyota.

Kusini mwa ikweta kulikuwa na tatizo lingine: Jahi inazama. Karibu na Malindi nyota hiyo ilikuwa ikigusa upeo wa macho, na mbele zaidi haikuonekana. Ibn Majid alifundisha kutumia Farkadi badala yake, na pale Farkadi zinapokuwa chini mno, kutumia Naashi. Kwa upande wa kusini alitumia Suheli na nyota za Kantarusi.

Nyota hizo katika anga la Mbeya na Iringa

Vimo vya nyota hutegemea latitudo tu, si umbali kutoka baharini. Kwa hiyo vipimo vya pwani vinaweza kulinganishwa na anga la Nyanda za Juu za Kusini. Kilwa Kisiwani iko kwenye latitudo ya nyuzi 8 na dakika 57 kusini, na mji wa Mbeya uko nyuzi 8 na dakika 54 hivi. Tofauti yake ni ndogo sana. Vivyo hivyo Iringa, iliyoko karibu na nyuzi 7 na dakika 46, iko karibu sawa na kisiwa cha Mafia. Mtu anayetazama anga akiwa Mbeya huona nyota kwa kimo kilekile anachokiona mtu wa Kilwa.

Nyota ya Kaskazini haionekani Mbeya wala Iringa hata siku moja. Dubu Mkubwa anaonekana upande wa kaskazini jioni za Aprili na Mei. Nyota yake ya kaskazini zaidi kati ya zile saba kuu hufikia kimo cha nyuzi 19 hivi huko Mbeya. Nyota angavu zaidi ya Farkadi hufikia nyuzi 7 tu, sawa na zaidi kidogo ya vidole vinne vya mkono ulionyoshwa. Wakati mzuri wa kuitafuta ni mwezi wa Juni, mnamo saa tatu usiku, ambapo anga la kiangazi huwa safi. Inahitaji mahali penye upeo ulio wazi, kama vile uwanda wa Usangu. Mjini Mbeya mlima Loleza huziba upande wa kaskazini.

Upande wa kusini hali ni nzuri zaidi. Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza katika anga lote la usiku baada ya Shira, hufikia Mbeya kimo cha nyuzi 46 jioni za Februari. Huko Julfar, alikozaliwa Ibn Majid, nyota hiyohiyo hupanda nyuzi 11 au 12 tu. Nyota angavu zaidi ya Kantarusi, ambayo ni nyuzi 3 hivi tu juu ya upeo wa macho wa Julfar, hufikia nyuzi 38 Mbeya. Salibu, kundinyota linaloelekeza kusini, iko jirani yake na huonekana vizuri jioni za Mei na Juni.

Vipimo vya Ibn Majid havifanani kabisa na vya leo. Mhimili wa Dunia hubadilisha mwelekeo wake polepole, na mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 26,000. Kwa sababu hiyo nyota angavu ya Farkadi, inayofikia leo nyuzi 7 katika latitudo ya Kilwa na Mbeya, ilifikia nyuzi 5 hivi, yaani vidole vitatu, mnamo mwaka 1500. Tofauti hiyo si kosa lake. Anga lenyewe limesogea.

Suala la Vasco da Gama

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498. Alihitaji mtu wa kumvusha bahari, na mtawala wa Malindi akampatia rubani. Wareno waliondoka 24 Aprili, na 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Miaka 7 baadaye, mwaka 1505, kikosi cha Francisco de Almeida kiliishambulia na kuipora Kilwa, kisha Mombasa ikachomwa moto. Ndiyo sababu swali la nani alikuwa rubani wa Malindi limebeba uzito mkubwa: aliyefikiriwa kuwa ndiye alionekana kama mtu aliyefungua mlango wa maangamizi hayo.

Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutb ad-Din an-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka aliyefariki mwaka 1582. Katika kitabu chake juu ya Waosmani kuiteka Yemen aliandika kwamba baharia aitwaye Ahmad ibn Majid aliwaonyesha Wareno njia akiwa amelewa. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand aliikubali habari hiyo, ila si sehemu ya ulevi. Kutoka kwake ilienea katika vitabu vingi vya historia.

Ushahidi wa upande wa pili ni mzito zaidi. Nahrawali aliandika miongo mingi baada ya safari yenyewe, na hakuwa shahidi. Kumbukumbu za safari zilizoandikwa na Mreno aliyekuwamo hazitaji jina hilo; zinamweleza rubani kuwa Mkristo, na inajulikana kwamba Wareno wa safari ile waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Wanahistoria Wareno wa karne ya 16 waliandika kwamba rubani alikuwa mtu wa Gujarat, nchini Uhindi, wakamwita Malemo Cana au Canaqua. Malemo ni mu'allim, na neno la pili lina asili ya Kihindi lenye maana ya mjuzi wa hesabu za nyota. Yote mawili ni cheo, si jina la mtu. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Ghuba, na wakati huo alikuwa mzee.

Tena hakukuwa na siri ya kufichua. Njia ya kutoka Malindi hadi pwani ya magharibi ya Uhindi ilijulikana kwa mabaharia wengi, na Wareno walikuta vyombo vya Wahindi bandarini Malindi. Rubani yeyote mzoefu wa kaskazi na kusi angeweza kufanya kazi hiyo. Katika maandiko yake ya mwisho Ibn Majid anawataja Wareno waliofika, lakini hakuna mahali anapojitaja kuwa kiongozi wao. Mtaalamu Mwingereza G. R. Tibbetts, aliyetafsiri Kitab al-Fawa'id mwaka 1971, na wengine baada yake, wameikataa habari ya Nahrawali.

Miaka ya mwisho

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 wa Hijra, sawa na 1500 au 1501. Baada ya hapo hasikiki tena. Mahali alipozikwa hapajulikani.

Kusahauliwa na kupatikana tena

Baharia wa kizazi kilichofuata, Sulaiman al-Mahri kutoka pwani ya kusini ya Uarabuni, aliendeleza elimu hiyo kwa mpangilio ulionyooka zaidi. Mnamo 1554 amirali Mwosmani Sidi Ali Reis, aliyekuwa amepoteza meli zake na kukwama Uhindi, alitumia maandiko ya wote wawili kutunga kitabu cha Kituruki juu ya Bahari Hindi. Baadaye maandiko yenyewe yalisahaulika miongoni mwa wanazuoni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 nakala zilitambuliwa katika maktaba ya taifa mjini Paris, na Ferrand akazichapisha. Nakala ya as-Sufaliyya ilihifadhiwa Leningrad, Urusi. Mtaalamu Theodor Shumovsky alianza kuichunguza akiwa mwanafunzi, lakini alikamatwa mwaka 1938 wakati wa utawala wa Stalin na kukaa miaka mingi kifungoni na uhamishoni. Alipoachiliwa alirudi kwenye kazi ileile, na mwaka 1957 akachapisha mashairi matatu ya Ibn Majid. Bila kazi hiyo maelezo yake juu ya pwani ya Kilwa na Sofala yasingejulikana kwa upana.

Leo Ibn Majid huheshimiwa hasa katika Falme za Kiarabu na Omani. Kwa Afrika ya Mashariki maandiko yake yana thamani ya pekee, kwani yanaonyesha kwamba bandari za Waswahili zilikuwa sehemu ya mtandao wa elimu na biashara uliopimwa kwa nyota kabla ya meli ya kwanza ya Wareno kufika.